Muulize Fundi Picha: Mikanda mitatu chini ya kitanda

SWALI: Shikamoo Fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake tukakuta chini ya kitanda mkoba wa ngozi, ndani yake kamera ya Yashica na mikanda mitatu ambayo haijasafishwa. Miwili imeandikwa Kodak Gold 200, mmoja Ilford HP5. Mama anadhani mmoja una picha za akika ya mdogo wangu, mwaka 1998. Nimezunguka studio tano Kariakoo, wote wanasema siku hizi wanatoa picha za simu tu. Mmoja alitaka kuvuta mkanda "aangalie kama kuna kitu", nikamkatalia. Binamu yangu anasema Ulaya kuna maabara zinapokea mikanda kwa posta. Niiamini posta? Na nitumeje? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Umefanya vyema kumkatalia huyo bwana. Picha iliyopigwa ikiwa bado haijasafishwa haionekani kwa jicho. Imo ndani ya utando wa mkanda ikisubiri dawa. Ukiuvuta kwenye mwanga, hata kwa kupepesa jicho, akika ya mdogo wako imeungua.

Tuma. Kusafirisha mikanda kwa posta si jambo la ajabu. Kamera ya kwanza ya Kodak, mwaka 1888, iliuzwa ikiwa na mkanda wa picha 100 ndani. Mteja akizimaliza alirudisha kamera nzima Rochester, Marekani, wakamsafishia na kumwekea mkanda mpya. Lakini usitume yote mitatu kwa mpigo, na nitakueleza kwa nini.

Mwaka 1991 nilikuwa kijana wa studio Mtaa wa Msimbazi. Tulipiga harusi moja Temeke, mikanda minne ya rangi. Mashine tuliyokuwa tunaitegemea iliharibika, tajiri akaniambia nitume yote kwenye maabara moja nje ya nchi. Nikaifunga vizuri, jina la studio nikaliandika juu ya kifurushi, nikalipa, nikaondoka. Vikopo vyenyewe sikuviandika kitu. Baada ya wiki sita tukarudishiwa mikanda minne iliyosafishwa. Miwili ilikuwa ya harusi. Miwili ilikuwa ya watu wengine: watoto wamevaa makoti mazito wanacheza kwenye theluji, na mbwa amekaa ndani ya boti. Tuliandika barua tatu. Wakajibu hawakuiona yetu.

Bibi harusi alilia pale kaunta akiwa ameishika ile picha ya watoto kwenye theluji. Katika mikanda iliyopotea ndimo alimokuwemo bibi yake akicheza, na yule bibi hakumaliza mwaka. Mpaka leo nikikutana naye sokoni ananisalimia kwa heshima, na mimi bado najisikia vibaya.

Kwa hiyo chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike juu ya kila kikopo chenyewe, kile cha chuma chenye mkanda: jina la ukoo, namba ya simu ukianza na 255, na 1, 2 au 3. Kisha kata karatasi ndogo yenye maneno hayohayo uiweke ndani ya kifurushi pamoja na anwani yako ya S.L.P. Bahasha ikichanika njiani, mkanda utajitambulisha wenyewe.

Tanguliza mmoja wa Kodak Gold. Upi, sitakuambia, maana hata wewe hujui akika imo wapi. Ukirudi salama, na ukaona kazi yao ni nzuri, tuma wa pili. Ni gharama zaidi, najua. Lakini hizo ndizo picha za baba, na mkanda ukipotea hakuna duka la kununua mwingine wenye sura yake.

Sasa joto. Watu wa Dar tunaogopa sana kupotea kwa mzigo tunasahau kwamba adui mkubwa ametukalia kichwani. Mikanda yenu imelala zaidi ya miaka ishirini na mitano kwenye joto na unyevu wa pwani. Rangi zitakuwa zimefifia, weusi utakuwa kama wa majivu, pengine na ukungu pembeni. Picha zenyewe zinaweza kuwemo bado. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti, weka kila mkanda kwenye kikopo chake cha plastiki chenye mfuniko, kisha kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usitumie mchele, una vumbi. Weka kwenye friji, sehemu ya chini, si kwenye barafu. Siku ya kutuma toa mfuko ukae mezani saa tatu au nne bila kufunguliwa. Ukiufungua ungali baridi, mkanda utatoka jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo hugandisha utando.

Nenda posta Jumatatu au Jumanne asubuhi. Mzigo wa Ijumaa mchana unaweza kulala stoo mwisho wa wiki nzima, na stoo zetu mnazijua mwezi Machi.

Usitumie bahasha nyembamba. Kikopo hutoboa karatasi na mashine za kupanga barua hukibana. Tumia kiboksi kidogo, jaza magazeti mpaka ukikitikisa kisilie. Omba rejista, au EMS, ile huduma ya posta ya haraka, kama mfuko unaruhusu. Utapewa risiti yenye namba ya alama kumi na tatu: herufi mbili, tarakimu tisa, halafu TZ. Ipige picha kwa simu palepale kaunta. Kwenye fomu ya forodha andika kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba ni filamu ya picha iliyotumika, haijasafishwa, si bidhaa ya kuuza. Juu ya boksi andika isifunguliwe na isipigwe eksirei.

Maandishi hayo hayazuii eksirei kila mara. Eksirei ya kawaida ikipita mara moja au mbili juu ya mkanda wa 200 (namba hiyo ni kipimo cha wepesi wa mkanda kushika mwanga), madhara ni madogo. Mikanda ya 800 kwenda juu ndiyo huumia haraka. Mashine mpya zinazouzunguka mzigo na kuupiga picha kila upande, hizo zina nguvu na zinaunguza hata ya 200. Ndiyo sababu nakusihi: kama kuna ndugu anasafiri kwenda huko, mpe aubebe mkononi na aombe askari wa uwanja wa ndege wauangalie kwa macho. Asiuweke kamwe kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Mifuko ya madini ya risasi, ile ya kukinga eksirei, siipendi. Afisa akiona kitu cheusi kwenye skrini anaweza kuufungua mfuko.

Maabara ipi? Kodak Gold husafishwa kwa njia ya C-41, yaani dawa za mikanda ya rangi. Angalia, imeandikwa kwenye kikopo. Maabara nyingi za filamu zinazofanya kazi bado zinaifanya. Waambie wazi kwamba mkanda ni wa mwaka 1998 hivi na umekaa kwenye joto, ili wajue wanashika nini. Ilford HP5 ni nyeusi-nyeupe, na kiwanda chake, Harman cha Mobberley, Uingereza, kina maabara inayopokea mikanda kwa posta, nyeusi-nyeupe na ya rangi. Waandikie kwanza uulize kama watapokea kutoka Tanzania na malipo yanakwendaje, ndipo ufunge boksi.

Huo wa Ilford pia unaweza kusafishwa hapahapa Dar na mtu mwenye tanki na dawa. Nyeusi-nyeupe inahitaji dawa ya nyuzi 20, wakati maji yetu ya bomba yanatoka vuguvugu. Sisi tulikuwa tunanunua barafu za mifuko, tunaziweka kwenye beseni, tanki linakaa katikati, kipimajoto mkononi. Barafu inakaa nje ya tanki, ndani haiingii. Na maji ya mwisho ya kusuuza yasiwe na joto kuliko ya kwanza, la sivyo utando unapasuka kama tope la kiangazi. Kwa mkanda wa marehemu, lakini, usimpe mtu anayejifunza.

Jambo la mwisho kwako: kama ulimi wa mkanda mmojawapo, ile ncha yake ya mwanzo, umebaki nje ya kikopo, usidhani haujatumika. Wapo waliozoea kuuacha nje kwa makusudi. Usiurudishe kwenye Yashica kujaribu.

SWALI: Fundi, maabara inasema itanitumia picha kwa intaneti, ila negativu, yaani mkanda wenyewe uliosafishwa, nikizitaka nilipie usafiri. Zina kazi gani kama picha ninazo? – Msomaji, Kinondoni

JIBU: Lipia, ndugu yangu. Ulichotumiwa kwa intaneti ni nakala, negativu ndiyo picha yenyewe. Baadhi ya maabara hukaa nazo muda fulani kisha huzitupa, kwa hiyo sema tangu mwanzo kwamba unazitaka, zikatwe vipande vya picha sita sita na kuwekwa kwenye mifuko yake, zisikunjwe. Mwezi uliopita mama mmoja wa Ilala alikuja kwangu; simu imeibiwa, albamu ililiwa na mchwa, hana hata picha moja ya mumewe. Nilifungua boksi la mwaka 1989, nikatafuta mpaka saa za adhuhuri, nikampata amevaa shati la mistari, anacheka, kidole kimeelekea kwenye kamera. Yule mama hakuuliza bei. Aliomba aruhusiwe kuiangalia kwanza kwenye mwanga wa dirisha.

SWALI: Nina mkanda kwenye kamera tangu Pasaka, nimepiga 20 kati ya 36. Kamera inakaa kwenye gari. Nisubiri niumalize? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Kwanza toa kamera kwenye gari leo. Gari lililofungwa juani Dar linaupika mkanda. Ukiweza, maliza picha 16 zilizobaki wikiendi hii, hata kama ni za majirani na mbuzi wao. Usipoweza, bonyeza kitufe kidogo chini ya kamera, zungusha kishikio taratibu ili mkanda urudi ndani ya kikopo chake. Mkono utahisi mkanda ni mzito, kisha ghafla unakuwa mwepesi; ndipo umeachia. Kabla ya hapo usifungue mlango wa nyuma.