Kurudi Dar na Coaster ya kulala: siku tatu za mwisho zipangwe hivi

Mkuu, umesema mnatoka Katavi kupitia Sumbawanga na Mbeya, watu wanne kwenye Coaster mliyoigeuza kuwa gari la kulala, wiki tano mko barabarani. Unataka kuunganisha Mbeya hadi Tegeta, Dar, kwa siku moja, gari likae uani, usafi ufanyike wikiendi. Nakuomba usifanye hivyo. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo lazima giza likukute njiani. Tena gari la kulala likifungwa lina maji kwenye tangi, mabaki ya chakula na magodoro yenye unyevu, joto la Dar litaliharibu ndani ya siku chache. Gawa safari mara tatu: lala Iringa, lala Morogoro, halafu ingia Dar kabla ya saa sita mchana.

Iringa ndiyo sehemu ya kukaushia vitu. Kiangazi hewa yake ni kavu na upepo upo, wakati Dar godoro la sponji likilowa linaweza kukaa siku tatu bila kukauka katikati. Fika mapema, toa magodoro, mapazia, turubai na mazulia, yasimamishe kwa ubavu juani hadi jioni. Kitu kikivuka mteremko wa Kitonga na unyevu, kitaota ukungu Dar, na ile harufu haitoki kwa kufua mara moja.

Hapo hapo punguza maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 120 ni mtu na nusu anayekaa sehemu moja bila kushuka. Acha lita 20 za kunywa na kunawa. Usiache tangi nusu: maji yatacheza mle ndani kila kona ya Kitonga na gari litayumba. Choo cha kaseti kimwage kwenye choo chenye shimo au chemba kwa ruhusa ya mwenye kambi, kamwe si porini wala mtaro wa mvua.

Najua mtanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni na nyanya Ilula, kila mtu hununua. Gunia liwekwe sakafuni, karibu na ekseli ya nyuma, lifungwe kamba. Juu ya paa hapana. Mkaa uache kabisa kama huna kibali cha kusafirisha mazao ya misitu.

Sasa Kitonga, maana mnaishuka, na hapa ndipo gari zito linapoadhibu. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, mara nyingi namba mbili, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Kama Coaster yako ina breki ya ekzosi, ile inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo, iwashe. Breki ya mguu ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo upungue, kisha achia zipoe. Ukiuweka mguu juu ya pedali muda wote, pedi zinashika joto na mafuta ya breki yanachemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyozeeka, ndiyo maana yale ya miaka mitatu huchemka mapema kuliko mapya. Dalili yake ni pedali kulainika na kuzama. Ukiisikia, gia ya chini zaidi, tafuta pa kuegesha, subiri nusu saa. Usimwagie maji ngoma au diski ya moto, itapasuka. Usivute handbreki pia wakati ngoma zina moto. Weka gogo au jiwe chini ya tairi, na mtu mmoja apewe kazi ya kulikumbuka mnapoondoka.

Ukifika Ruaha Mbuyuni simama. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Magurudumu ya mbele yafanane, na ya nyuma yafanane. Moja likiwa na moto kuliko mwenzake, ama beringi inakufa, ama breki imeng'ang'ania. Hilo litengenezwe kabla ya kuendelea, kwa sababu beringi iliyochoka haina huruma na zaidi ya kilomita 350 zilizobaki. Kaza na nati za tairi.

Mikumi, barabara inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50. Pita mchana, fuata mwendo ulioandikwa kwenye bango. Tembo na nyati huvuka jioni, na ukigonga mnyama kuna faini juu ya gharama ya gari lako. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo uwe Morogoro saa kumi na moja.

Morogoro ni usiku wa kumaliza vyakula. Pikeni kila kilichobaki kwenye friji, asubuhi izimeni, mifuko ya unga na sukari iliyofunguliwa tieni kwenye makopo. Mende na panya huingia kwa unga kwanza, waya hufuata. Andika pia kila kilichoharibika, ungali unakumbuka ni droo gani ilifunguka na bomba gani linavuja.

Asubuhi kutoka Morogoro gari lenu linazidi tani 3.5, hivyo mizani ya Vigwaza inakuhusu. Tumia nafasi hiyo: soma uzito wa kila ekseli, linganisha na kibati cha gari kinachoonyesha uzito unaoruhusiwa, utajua safari ijayo upunguze nini. Chalinze hadi Kibaha ni malori, kuwa mvumilivu. Kuanzia Kibaha barabara ni njia nane hadi Kimara. Baada ya hapo usishawishike kuingia njia ya mabasi ya mwendokasi.

Mkifika, gesi kwanza. Funga kwenye mtungi jiko likiwa linawaka, moto ujizimie wenyewe, ndipo mpira unabaki mtupu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni, mahali mnapolala. Friji ipanguse kwa siki na maji, mlango uachwe wazi kidogo kwa kitambaa.

Tangi la maji: dawa ya kufulia ya klorini asilimia 3.5, isiyo na manukato, mililita 90 kwa kila lita 60 za maji. Fungua kila bomba mpaka usikie harufu, acha kwa muda wa saa nne, mwaga, suuza mara mbili, bomba zibaki wazi.

Betri ya ndani ya risasi ichajiwe ijae, volti 12.7 ikishapumzika. Chini ya 12.4 kwa wiki kadhaa sahani huanza kuganda salfa. Ya lithiamu ni kinyume: iache nusu au zaidi kidogo. Zote tenganisha waya wa hasi, maana sola iliyoegeshwa chini ya mwembe haichaji kitu.

Chini ya gari, osha tope la Katavi kwa maji mengi yasiyo na presha kali. Tope hushika unyevu, na hewa ya bahari hukamilisha kutu. Presha ikielekezwa kwenye sili za beringi au oltaneta inaingiza maji. Kisha piga grisi propela shafti ili maji yatoke. Filta ya hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Ukiiona nuru kupitia tundu, tupa.

Jaza tangi la dizeli, nafasi tupu ndiyo inayotengeneza maji. Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi: kushuka kutoka Iringa kunapunguza kipimo kama psi 2, na joto la Dar linakipandisha tena, kwa hiyo namba ya Iringa isikudanganye. Kila wiki mbili liendeshe kilomita 15, si kuliwasha tu uani, maana injini isiyofika joto lake hubaki na unyevu kwenye oili.