Injini ilizimika au ilizimwa?

Swali: Mimi ni mkazi wa Lamu, kazi yangu ni kupokea wageni uwanja wa ndege wa Manda na kuwavusha kwa boti. Nilimwandikia mwenzangu wa Malindi habari niliyoisikia: "Injini ya ndege ilizimwa ikikaribia kutua." Akanisahihisha, eti niseme "ilizimika". Mimi naona ni mamoja. Nani kapata?

Jibu: Si mamoja, ndugu yangu, na katika habari za ndege tofauti hiyo yaweza kumsingizia mtu. "Ilizimwa" ina mkono uliozima. "Ilizimika" ni kukoma yenyewe, kama koroboi iliyokwisha mafuta. Nahodha wako akizima mashine apate kufunga boti gatini, mashine imezimwa. Ikikata katikati ya maji, imezimika.

Rubani naye huzima injini kwa makusudi, hasa inapowaka moto. Lakini karibu na ardhi hakimbilii kuzima. Kwanza huidhibiti ndege, mwendo usipungue, kisha yeye na mwenzake huhakikisha kwa kauli ni injini ipi, ndipo mafuta yakatwe. Wana haki ya kujihadhari. Tarehe 8 Januari 1989, Boeing 737 iliyokuwa ikitoka London kwenda Belfast ilivunjika bapa moja la feni (panga linalozunguka mbele ya injini) katika injini ya kushoto. Marubani wakadhani mbovu ni ya kulia, wakaizima. Walipokaribia kutua, ile ya kushoto ikapoteza nguvu ghafla na ndege ikaanguka karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza. Watu 47 walikufa. Ukiandika kuwa injini ya kulia "ilizimika", umekificha kiini cha mkasa wote, maana injini ile ilikuwa nzima.

Tena kuna hali ambayo vitenzi vyote viwili havifai. Tarehe 17 Januari 2008, Boeing 777 kutoka Beijing ilikuwa futi 720 hivi juu ya ardhi, ikienda kutua uwanja wa Heathrow, London, marubani wakataka nguvu zaidi na injini zisiitike. Barafu ilikuwa imebana njia ya mafuta. Hazikuzimika wala hazikuzimwa, zilipungukiwa nguvu. Rubani mkuu akapunguza flapu, yaani vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, ili ndege isogee mbele kidogo zaidi. Ikatua kwa kishindo kwenye nyasi kabla ya kufika njia ya kutulia, na watu wote 152 wakanusurika.

"Injini imezima" nayo tunaisikia kila siku, kama "gari limezima". Kwa mazungumzo, sina ugomvi nayo. Katika habari iliyoandikwa naikataa, kwani msomaji atauliza imezima nini.

Sentensi yako ina ila nyingine ambayo mwenzako hakuiona: "ikikaribia kutua" yaweza kuwa injini, na injini haitui. Andika: "Ndege ilipokuwa ikikaribia kutua, injini yake moja ilizimika." Na kama sababu bado haijajulikana, "iliacha kufanya kazi" yatosha mpaka wachunguzi waseme.