Miche 60 tumepanda, imebaki 11

SWALI: Shikamoo Mzee wa Miti. Sisi majirani huku Goba, Dar es Salaam, tuna kikundi, kila Jumamosi asubuhi tunashuka korongoni kusafisha kale kapori kalikobaki maana watu walikageuza dampo. Desemba tukachanga hela tukapanda miche 60, sasa hivi iliyo hai ni 11 tu, wenzangu wameanza kukata tamaa na wengine wanasema bora tupande mwarobaini ndo haufi. Tufanyeje? – Mama wa Jumamosi

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni. Ila mwarobaini hapana jamani. Ni dawa sawa, bibi yangu kanichemshia sana tu, lakini kwao ni Asia, ndege wanakula matunda yake wanatawanya mbegu na ukishaingia kwenye mapori yetu ya Pwani unabanana mpaka miti ya kienyeji inakosa pa kukaa. Haufi kweli, na shida ndo hiyo hiyo.

Halafu Desemba vuli inaishia, mche wenye vimizizi vya kidole unakutana na jua la Januari, utapona vipi?

Mimi ningeacha kupanda kwanza. Pigeni magoti pale kwenye lantana, ile yenye vimaua vya pinki na njano, fungueni majani mchungulie chini. Mtakuta visiki vya miti iliyokatwa mkaa vinachipua vyenyewe, na vina mizizi ya miaka na miaka. Dodoma wanaita kisiki hai: unabakiza machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unakata, unafunga kitambaa cha rangi ili mwenye mbuzi na mwenye panga wajue kina mwenyewe. Hela ya miche nunueni sululu, maana lantana ukifyeka juu inarudi, lazima itoke na shina lake. Ila msing'oe mteremko mzima siku moja, mvua ikipiga udongo wote unashuka na maji.

Penye kipara kabisa wekeni mti wa kienyeji uitwao mkongo, mbegu zile nyeusi zenye kofia ya rangi ya chungwa, masika yakianza.

Mwenyekiti wa mtaa mumwone mapema, na mtu akija kujenga kando ya mto mkumbusheni Sheria ya Mazingira ya 2004, mita 60 haziguswi.

Hiyo 11 niandikie ni miti gani na iko upande gani wa korongo, nahisi imekaa kivulini.