Jibu ni B, lakini kwa nini si C?

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasaidia watu kupitia majaribio yao ya Kiingereza, ya sarufi na ya msamiati, na swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Sawa, jibu ni B. Lakini kwa nini si C?" Anayeuliza hivyo ameshaanza kujifunza. Kwa bahati mbaya maelezo mengi ya majibu hayamjibu. Yanamtajia kanuni, "hapa tumetumia wakati uliopo timilifu", halafu yanarukia swali linalofuata. Jina la kanuni peke yake halielezi kitu. Mwanafunzi atalinakili, atalikariri, na sentensi ikibadilishwa kidogo tu atarudi kuchagua C.

Ukipewa kazi ya kueleza majibu, iwe ni kwa darasa zima, kwa mdogo wako au kwa nafsi yako unapojiandaa, fanya mambo mawili. Onyesha neno ndani ya sentensi lililolazimisha jibu. Kisha kila kipotoshi, yaani kila chaguo lisilo sahihi, kitafutie sentensi ambamo kingekuwa sahihi. Hilo la pili ndilo linaloachwa mara nyingi, na ndilo ninalolitetea zaidi.

Chukua swali hili: "She has lived here ___ 2015." Machaguo ni "for", "since", "from" na "during". Wengi hueleza kwamba "since" maana yake ni "tangu", wakaishia hapo. Lakini "from" nayo huwa tunaifasiri "tangu" au "kuanzia", na ndiyo maana waliokosa waliichagua. Maelezo hayo hayakuwagusa kabisa. Anza na viashiria. "Has lived" inasema jambo limeendelea hadi sasa, na 2015 ni mwanzo wa muda, si urefu wake. "Since" hutaka vyote viwili. Sasa vipotoshi vipate sentensi zao. "For" hupokea urefu wa muda: "She has lived here for ten years." "From" hupendeza pale mwanzo na mwisho vinapotajwa pamoja: "She lived here from 2010 to 2015." "During" hujibu lini, haijibu kwa muda gani: "She lived here during the war." Mwanafunzi aliyekuja na neno moja anaondoka na manne, na anajua mpaka wa kila moja.

Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alipendekeza kupima ugumu wa maandishi kwa kufuta baadhi ya maneno na kumtaka msomaji ayarudishe. Mazoezi ya kujaza nafasi yaitwayo "cloze" yalipata jina kwake. Msingi wake ni kwamba neno lililofutwa huacha alama katika maneno yanayolizunguka. Kwa hiyo kabla hujafungua kitabu cha sarufi, isome sentensi yote hadi nukta ya mwisho. Nimeona maelezo marefu na ya kitaalamu yakipotea njia kwa sababu mwelezaji alikomea kwenye pengo, kumbe kiashiria kilikuwa mwishoni kabisa mwa sentensi.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunahitaji pia maelezo yetu wenyewe, kwa sababu makosa yetu yana mizizi yake. Tazama kiambishi -me-. Kiswahili kinaturuhusu kusema "amefika jana" na hakuna atakayeshangaa. Kiingereza hukataa "He has arrived yesterday." Anayekosea hapo si mvivu, ameihamisha -me- kama ilivyo. Mwambie kwamba wakati timilifu wa Kiingereza hulifunga tendo na sasa, hivyo haukai na neno lililokwisha kuufunga muda: "yesterday", "last week", "two days ago", "in 2010". Mwambie pia kuwa "today" na "this week" bado ziko wazi, ndiyo sababu "I have seen him today" inakubalika.

Halafu kuna upande wa pili wa -me-, ambao vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa lugha zote haviwezi kuugusa. Tunaposema "amevaa gauni jekundu", "amesimama mlangoni" au "amelala", tunaeleza hali tunayoiona sasa hivi. Kiingereza husema "She is wearing a red dress", "He is standing at the door", "He is asleep." Mtu akichagua "has worn" katika swali la namna hiyo, najua moja kwa moja alifikiri nini, na namweleza pale pale alipokwama. Kumsomea orodha ya nyakati zote za Kiingereza hakutamfikisha popote.

Maelezo mazuri humwachia mtu kipimo anachoweza kukitumia mwenyewe siku ya mtihani. Mfano: "I look forward to ___ you." Ni "see" au "seeing"? Watu huona "to" wakakimbilia kitenzi kitupu, kwa kuwa wamezoea "I want to see you." Kipimo ni kuweka nomino mahali pa pengo. "I look forward to the meeting" inasimama vizuri. "I want to the meeting" haisimami. Nomino ikikubali, basi "to" hiyo ni kihusishi, na kitenzi kikija hapo kwa kawaida huvaa -ing. Kipimo hicho hicho kinafungua "be used to" na "object to", bila kanuni nyingine mpya.

Msamiati una tabia yake. Hapa mara nyingi hakuna kanuni ya kutoa, na si vizuri kuitunga. Kwa nini ni "heavy rain" na si "strong rain"? Kwa sababu wenye lugha ndivyo wanavyoyaambatanisha maneno hayo. Liseme hivyo wazi, kisha yataje yanayofuatana: "heavy rain", "strong wind", "thick fog". Ukitaka kujihakikishia, tafuta katika hazina ya matini kama British National Corpus, yenye maneno yapatayo milioni 100, uone ni lipi linaloandamana na lipi.

Lakini pale Kiswahili kinapotuvuta upande mmoja, taja mvuto huo kwa jina. "Kufanya" yetu inabeba "make" na "do": tunafanya kosa, tunafanya uamuzi, tunafanya kazi ya nyumbani, ilhali Kiingereza ni "make a mistake", "make a decision", "do homework". "Kuazima" yetu inakwenda pande zote mbili, maana tunasema "nimeazima kitabu kwake" na "niazime kitabu chako". Kiingereza kinatenganisha: anayepokea "borrows", anayetoa "lends". Tunapanda basi, dawa tunakunywa hata kama ni kidonge, na harufu tunaisikia. Mtunzi wa maswali anayewafahamu wanafunzi wake huweka "climb", "drink" na "hear" miongoni mwa vipotoshi akijua tutavutika. Majibu ni "get on", "take" na "smell". Mtu akionyeshwa chanzo cha mvuto huo, hujifunza kuushuku hata katika maneno ambayo hamjawahi kuyajadili.

Kuna maswali yanayohitaji ukweli kuliko ustadi. "Neither of the answers ___ correct": mtihani unataka "is", kwa kuwa sarufi rasmi huihesabu "neither" kuwa umoja. Wenye lugha wenyewe husema "are" kila siku. Mwambie mwanafunzi yote mawili, ili asidhani aliowasikia hawajui lugha yao, na asiandike "are" kwenye karatasi ya mtihani.

Na kuna maswali mabovu. "He ___ to work by bus", machaguo yakiwemo "goes" na "went", hayana kiashiria chochote cha wakati. Ufunguo wa majibu ukisema "goes", usihangaike kubuni sababu ya kuikataa "went", kwa sababu sababu hiyo haipo, na mwanafunzi makini ataibeba kanuni yako ya uongo hadi katika mtihani mwingine. Andika kwamba zote mbili zinakubalika, kwamba mtunzi huenda alikusudia mazoea, na kwamba angeongeza "nowadays" mwishoni, "went" isingekubalika tena.