Ukirefusha ukuta, hesabu nayo irefuke

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kontrakta mdogo na nimepata kazi ya nyumba 14 huku Utange, za aina mbili tu. Kijana anayenichorea ramani ananihimiza tununue programu ya kompyuta inayoshika ramani, BQ (orodha ya vifaa na gharama zake) na ratiba ya kazi pamoja. Mshirika wangu anasema hizo ni picha za kuwavutia wanunuzi, fundi hajengi kwa picha. Leseni inalipwa kila mwaka na si pesa kidogo. Nimsikilize nani?
— Kontrakta, Utange

JIBU: Marahaba mwanangu. Msikilize kijana, ila usilipe kwanza.

AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, ilituzoesha kuchora mistari kwa kompyuta badala ya kalamu. Mstari haujui kama ni ukuta au ni ukingo wa ngazi. Anayejua ni wewe unayeutazama. Kwenye programu kama Revit au ArchiCAD unachora ukuta wenyewe, wenye urefu, kimo, unene na plasta yake, na dirisha linajua limekaa ukuta gani. Ramani ya chini, mkato (nyumba ikionyeshwa kama imepasuliwa juu mpaka chini) na orodha ya vifaa vyote vinasomwa kutoka modeli moja, yaani ile nyumba iliyojengwa ndani ya kompyuta.

Piga hesabu hii. Mita moja ya mraba ya ukuta hula kama bloku 10 za inchi 18 kwa 9. Mteja akitaka sebule iongezwe mita moja, na ukuta una kimo cha mita 3, ukuta mmoja tu wa ubavuni umeongeza bloku 30. Kwa nyumba 14 ni bloku 420, na plasta pande zote mbili mita za mraba 84. Ubavu wa pili bado, slabu bado, rangi bado. Kwa karatasi, mchoraji atarekebisha ramani, na BQ itabaki ile ya mwezi uliopita mpaka mtu akumbuke. Nimekadiria gharama za majengo miaka mingi hapa Mombasa, na hasara nyingi nilizoziona zilianzia hapo kwenye kukumbuka.

Nyingine zilianzia kwenye ramani zisizoonana. Kuna nyumba ya ghorofa tuliyoijenga Mikindani. Ramani ya injinia ilipitisha bimu, yaani boriti ya zege, chini ya ukuta wa bafu. Ramani ya maji, ya mtu mwingine, ilishusha bomba la choo la inchi 4 papo hapo. Kila karatasi peke yake ilikuwa sawa. Zege likamwagwa Jumamosi bila mtu kuacha tundu, na siku zilipotimia fundi bomba akashika patasi na nyundo. Nilipofika nilikuta bimu imechimbwa mpaka nondo mbili ziko wazi zinang'aa, naye amekaa juu ya ndoo anauliza azikate au azikunje. Nashukuru aliuliza. Injinia alisimamisha kazi, choo kikahamishwa, na bimu ikafanyiwa ukarabati uliokula siku 9. Kwa upepo huu wetu wa chumvi, nondo iliyoachwa wazi hivyo ni kutu tu. Bomba na bimu zingewekwa kwenye modeli moja, programu ingeonyesha zinagongana kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa.

Mshirika wako akiona huu ni ugeni, mpeleke Mji wa Kale. Vyumba vya zile nyumba ni virefu na vyembamba, upana hauzidi mita 3 hivi, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Aliyepanga vyumba alijua boriti ina urefu gani kabla ya kuchimba msingi. Ramani na vifaa vilikaa kichwa kimoja. Sisi ndio tuliovitenganisha.

Sasa tahadhari. Modeli iwe na mwenyewe mmoja. Kila mtu akiigusa, utarudi kule kwenye karatasi zisizoonana. Injinia bado atapiga hesabu zake na kutia sahihi yake, na ukibadilisha ramani iliyokwisha kuidhinishwa na kaunti, itabidi uirudishe. Fundi mpe karatasi iliyochapishwa upya yenye tarehe, na ile ya zamani ichukue mkononi mwake uichane. Hakikisha pia programu inatoa faili za IFC, ili injinia anayetumia programu nyingine aweze kuifungua kazi yenu. Kuhusu bei, FreeCAD ni ya bure na ina sehemu ya majengo. Si nyepesi kujifunza, lakini kijana anaweza kuanzia hapo.

Kabla ya leseni yoyote, mpe nyumba moja uliyokwisha kuimaliza na ambayo risiti zake za hadwea bado unazo. Aijenge ndani ya kompyuta kama ilivyo, atoe hesabu ya bloku, mabati, milango na madirisha, kisha mkae watatu na risiti mezani, mshirika wako akiwa ndiye msomaji. Mahali hesabu zitakapopishana, tafuteni sababu: modeli imekosewa, au mali ilipotea saiti. Nondo ziacheni mwisho, kwa kuwa kuzichora moja moja ndani ya zege ni kazi ndefu, na kwa nyumba hizi orodha ya injinia inatosha.

Niandikie mkimaliza. Hasa nataka kujua kuhusu bloku.