Kereng'ende wa kawaida naye aandikwe

Waalaykumu salaam dada. Umeuliza kama kuna faida kuwapiga picha kila wiki kereng'ende wale wale wekundu wa bonde la Cheju huko Unguja, au ungoje upate nafasi ya kwenda msitu wa Jozani kutafuta wa nadra. Mimi niko Konde, Pemba, mwaka wa tano huu nawaandika. Waandike hao hao.

Nakwambia hivi kwa sababu yamenikuta. Mwaka wa kwanza safari zangu zote zilikuwa msitu wa Ngezi. Kule yuko kereng'ende aitwaye Proplatycnemis pembipes (zamani Platycnemis pembipes), mwembamba kama sindano, akitua hufumba mbawa mgongoni. Wataalamu walimtangaza mwaka 2007, na jamaa zake wa karibu wako Madagaska na Komoro. Siku niliyomwona kijitoni nilikaa kitako kwenye tope, sikutaka kuondoka. Lakini bonde la mpunga lililo nyuma ya nyumba yetu sikuliandika hata siku moja. Ukaja ukachimbwa mtaro, maji yakahama, na wekundu nikawaona wamepungua. Nilipoulizwa walikuwa wangapi kabla, sikuwa na karatasi ya kuonesha. Mpaka leo inaniuma.

Sasa natoka saa nne, jua likishapanda, napita ukingo ule ule. Naandika tarehe, idadi na jina la bonde lenyewe. Ukiandika "Unguja" peke yake haitamsaidia mtu. Usipoona hata mmoja, andika hivyo hivyo. Simu inatosha kwa picha: piga ubavuni na juu, umwendee pole pole, kivuli chako kisimwangukie. Ukizipeleka iNaturalist, mtandao wa kuwekea picha za viumbe, wajuzi watakusahihisha majina.

Tena inama uangalie mashina ya mpunga. Utakuta gamba kavu limeng'ang'ania jani, mgongo umepasuka, nyuzi nyeupe zimechomoza kwenye ufa. Hilo amelivua mtoto wa kereng'ende alipotoka majini. Kwangu lina thamani kuliko picha nzuri, maana anayeruka huenda anapita tu. Kaskazi ikianza huja wale wa manjano, Pantala flavescens, wanaovuka bahari kutoka upande wa India. Ukiwaona wengi uwanjani usidhani wote ni wa bondeni kwako. Gamba linakwambia huyu kakulia hapa.

Ukilipata, litie kwenye kasha la kibiriti, uandike tarehe na mahali juu yake. Nikivuka kuja Unguja tutalitazama pamoja, inshallah.