Idi mbili ndani ya nyumba moja

Dada yangu wa Arua, umeuliza kama unapata dhambi kwa kukosa swala ya Idi, na ufuate mwezi gani, maana mumeo anafuata Saudia na msikiti wenu unangoja tangazo la Kampala.

La kwanza jepesi. Wengi wetu Uganda ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na kwao swala hiyo ni sunna iliyokokotezwa, yaani imesisitizwa lakini si lazima. Ulibaki na mtoto mgonjwa, huna dhambi. Mahanafi, wa madhehebu nyingine, wanasema ni wajibu, ila kwa wanaume tu. Kwa Mahanbali ni faradhi kifaya, yaani wakiiswali baadhi inawatosha waliobaki.

Mwezi ndio wenye maneno. Kuraibu, aliyekuwa mtumishi wa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alirudi Madina kutoka Sham (upande wa Syria) akamwambia kuwa kule waliuona mwezi wa Ramadhani usiku wa kuamkia Ijumaa. Madina waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na Ibn Abbas akashika wa Madina. Mashafii wengi wamesimama hapo: kila mji na mwezi wake. Wengine husema ukionekana popote umewatosha wote, kwa hiyo mumeo hakubuni (ingawa kuchungulia simu si kuchungulia mwezi!).

Mimi ningeswali na majirani. Mumeo akifungua mapema, basi ale ndani, asiwatangazie watoto wa watu waliofunga.